Kitufe cha stata na asubuhi niliyochelewa

Nimepotea hapa kibarazani wiki mbili, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nagombana na pikipiki.

Wanaonifahamu wanajua natembelea pikipiki ndogo, sisi 125, niliyonunua mtumba hapa Arusha. Chapa siitaji. Haina kiki. Ina kitufe tu: unabonyeza, inawaka, unaondoka. Ndiyo sababu niliichagua. Nina kilo hamsini na kidogo, na miaka ya nyuma kiki ya pikipiki ya kaka iliwahi kunirudi kwenye mfupa wa mguu mpaka nikaapa sitagusa tena.

Basi tangu Mei kitufe kikaanza visa. Leo inawaka, kesho "tak!" halafu kimya. Fundi wa kwanza akasema betri, nikanunua betri. Wiki tatu baadaye, tak. Fundi wa pili akasema relei, akabadilisha. Julai ikaja na baridi yake, tak. Akafungua mota ya stata, akaweka kaboni mpya. Siku nne ikawa nzima, ya tano ikarudi kule kule. Ikawa kila asubuhi naomba vijana wa jirani wanisukume, natia gia ya pili, naachia klachi.

Katikati ya vurugu hiyo nilikuwa namhoji mzee mmoja wa Usa River, dereva mstaafu wa miaka 84, kwa makala ya barabara za zamani. Nilipomwamkia mara ya kwanza aliitikia "marahaba mwanangu" na kunyoosha mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umepinda kifundoni. Nikauliza kulikoni. Akacheka: "Hendeli, binti. Land Rover ilinipiga teke mwaka 1966."

Vijana wenzangu huenda hamjawahi kuiona hendeli. Ni chuma kilichopinda mara mbili, kinachochomekwa mbele ya injini ili uizungushe kwa mikono. Land Rover za zamani zilikuja na hendeli ingawa zilikuwa na stata, maana betri ikifa porini utamlilia nani? Shida ni kwamba injini ikiwahi kulipuka kabla pistoni haijafika juu, inazunguka kinyumenyume na chuma kinarudi na mkono wako. Mzee akanifundisha: kidole gumba kiweke upande mmoja na vingine, usikizungushie chuma, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Siku ile ya 1966 alikuwa na haraka, akasukuma.

Nikarudi nyumbani na swali: nani alituokoa na chuma kile? Haya, twende Marekani kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kila mwenye gari la petroli aliliwasha kwa hendeli, na mikono mingi ilivunjika. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha Byron Carter, mtengeneza magari aliyefariki 1908, kwamba aliumizwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke aliyekwama barabarani, na kwamba rafiki yake Henry Leland, mkuu wa Cadillac, akaapa kukomesha jambo hilo. Kisa kimetiwa chumvi kadiri kilivyosimuliwa, lakini Leland kweli alimpa kazi hiyo Charles Kettering wa Dayton, Ohio.

Kettering hakuanzia kwenye magari. Alikuwa ametengeneza mashine ya kuhesabia fedha dukani inayofunguka kwa umeme, na hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo wakubwa wa fani hawakuliona. Wao walisema mota ya kuzungusha injini ingelazimika kuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe. Kettering akajua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi, mradi uwe wa sekunde chache tu. Droo ya fedha haifunguki kutwa nzima, na injini nayo haiwashwi kutwa nzima. Cadillac za 1912 zikatoka na stata ya umeme.

Matokeo yalizidi raha ya mkono. Kabla ya hapo wanawake wengi wa mjini wenye uwezo waliuziwa magari ya umeme kwa sababu hayakuhitaji hendeli. Hata Clara, mke wa Henry Ford, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric wakati mumewe akiuza maelfu ya Model T za kuzungushwa kwa mkono! Model T ilipata stata mwaka 1919. Sababu ya kununua gari la umeme ikapungua, na baada ya muda magari hayo yakafifia.

Pikipiki je? Kampuni ya Indian ilijaribu mapema, mwaka 1914, kwa pikipiki iliyoitwa Hendee Special. Ilikuwa na betri mbili za volti 6, na mota yake iliwasha injini kisha ikageuka kuwa jenereta. Wazo zuri, betri mbovu. Hazikuhimili mitikisiko wala kutunza chaji, na mwaka huo huo ikaondolewa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, pikipiki ile ya mwanzo yenye stata ya umeme ilikufa kwa ugonjwa unaonisumbua mimi.

Ikapita miaka mingi ya kupiga kiki. Honda ya Japani ikarudisha kitufe miaka ya mwisho ya 1950 kwenye Dream C71, na mwaka 1960 kwenye Super Cub C102, pikipiki ndogo ya watu wa kawaida. Harley-Davidson ikaiweka kwenye Electra Glide mwaka 1965. Wapo waliobeza, eti mwanaume wa kweli anapiga kiki. Mwaka 1969 Honda CB750 ikatoka na kitufe, na wabezaji wakabaki wanatoka jasho wenzao wakishaondoka.

Sasa turudi Arusha. Mzee aliniambia nije Alhamisi saa mbili asubuhi, anieleze safari za Dodoma wakati wa mvua. Nikabonyeza. Tak. Vijana wamekwenda kazini, barabara ya kwetu ni mlima. Ningepanda daladala ningefika. Badala yake nilikaa saa mbili nzima nikisugua betri kwa msasa, nikiona aibu kushindwa na mashine yangu mwenyewe. Nilipofika Usa River, mjukuu wake akaniambia wamempeleka hospitali asubuhi ile. Hakurudi. Safari za Dodoma kaenda nazo.

Wiki iliyofuata fundi wa tatu hakufungua kitu. Alileta mita. Kwenye betri: volti 12.6, nzima. Kisha akashikisha ncha moja kwenye negetivu ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, akaniambia nibonyeze. Mita ikaonyesha volti 3. Hapo ilitakiwa iwe karibu na sifuri.

Kumbe waya wa negetivu, pale unapofungwa kwenye fremu, umeliwa na kutu chini ya rangi. Relei inahitaji umeme mdogo, ndiyo maana ilikuwa inalia tak. Mota inahitaji mkubwa. Ampea 60 zikipita kwenye ukinzani mdogo wa omu 0.05, volti 3 zinaishia njiani. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito na betri imelegea, zilizobaki hazitoshi. Mchana zinatosha. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unakuja na kuondoka. Akakwangua, akafunga bolti mpya, akapaka grisi. Shilingi elfu tano. Betri, relei na kaboni nilizonunua hazikuwa na hatia.

Leo Kigali na Nairobi kuna bodaboda za umeme. Hazina hendeli, kiki wala stata. Mota iliyoajiriwa 1912 kuamsha injini ya petroli imeanza kuchukua kazi ya bosi wake. Mzee angecheka sana kusikia hilo, nilipanga kumwambia Alhamisi ile.

Kama una mzee wa kumhoji, nenda leo, hata kwa miguu. Na kama pikipiki yako inafanya tak, pima waya kabla hujanunua betri.

Wewe je, nyumbani kwenu yupo anayeikumbuka hendeli? Niandikie.