Cheti cha Ualimu na Safari ya Kiingereza: Kutoka Misheni za Gusii hadi Madarasa ya Ng'ambo

Mwalimu wa Kiingereza kutoka Kisii au Nyamira anayefunga safari kwenda kufundisha Kigali, Juba au Bangkok anapita njia ambayo kwa zaidi ya nusu karne ilipitwa na watu waliokuwa wakielekea upande wa pili. Tangu misheni za kwanza hadi miaka ya 1960, Kiingereza kilifika Gusii, eneo ambalo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, kikiletwa na wageni: mapadri wa Mill Hill, Wasabato, maafisa wa serikali ya kikoloni, na hatimaye vijana wa Marekani na Uingereza waliokuja kufundisha kwa mikataba mifupi. Jinsi mkondo huo ulivyogeuka ni historia ya cheti cha ualimu: nani aliyepewa, kwa mafunzo gani, na kilitambuliwa wapi.

Misheni na lugha ya jirani

Waingereza waliitiisha nchi ya Abagusii kwa silaha mwaka wa 1905 na tena mwaka wa 1908. Wamisionari hawakukawia kufuata. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua kituo cha Nyabururu mwaka wa 1911, na muda mfupi baadaye Waadventista Wasabato wakaanza kazi Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Kazi hiyo changa ilikatizwa Septemba 1914, wakati majeshi ya Wajerumani kutoka kusini yalipouingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza. Katika vurugu hizo vituo vya misheni viliporwa, na wamisionari wakalazimika kuanza upya.

Masomo yalikuwa machache: kusoma maandiko, kuandika, hesabu na kazi za mikono. Kiingereza hakikuwa na nafasi kubwa. Madhehebu yote mawili yalikuwa yametangulia kufanya kazi miongoni mwa Wajaluo, kwa hiyo yalipopanda milima ya Gusii yalibeba Dholuo pamoja na vitabu vyake. Kwa miaka mingi watoto wa Abagusii walijifunza dini na kusoma kwa lugha ya majirani zao. Walimu wa Kiafrika nao waliandaliwa nje ya Gusii, hasa Kamagambo kwa upande wa Wasabato na Asumbi kwa upande wa Wakatoliki, mahali ambapo leo pako katika kaunti za Migori na Homa Bay. Mwalimu wa awali wa Gusii, kwa hiyo, alikuwa mtu aliyepata ujuzi wake ugenini na kwa lugha isiyo ya mama yake.

Mambo yalianza kubadilika katikati ya miaka ya 1930, serikali ilipoanzisha shule yake ya Waafrika mjini Kisii, ambayo leo ni Shule ya Upili ya Kisii. Shule za serikali zilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani na watumishi wa idara, na kazi hizo zilihitaji Kiingereza. Wazazi waliona haraka kwamba aliyekijua alipata mshahara na aliyekosa alibaki kwenye shamba la mwingine. Kiu ya Kiingereza ikapita idadi ya watu walioweza kukifundisha.

Makerere, 1961

Jibu la serikali ya kikoloni kwa kiu hiyo lilikuja mwaka wa 1957, kituo maalumu cha Nairobi kilipoanza kujaribu mtindo wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jaribio hilo lilianzia katika shule za Waasia, kisha likaenezwa hadi shule za Waafrika. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo wa shule ya msingi. Uamuzi huo uliwahitaji walimu wengi wanaokimudu Kiingereza, na nchi haikuwa nao.

Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda, kujadili namna ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mkutano huo ulichangia sana kuunda taaluma hii duniani. Miaka thelathini baadaye, mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua ripoti ya mkutano huo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1992, akaona ndani yake kanuni tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kianze mapema, kwamba kikizidi darasani ndipo mafanikio yanapozidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango chake kitashuka. Phillipson aliziita zote tano upotofu. Kanuni ya pili, ile ya mzawa wa lugha, ndiyo iliyokuja kumgusa mwalimu wa Gusii moja kwa moja, ingawa ilizungumzwa mwendo wa siku moja au mbili tu kutoka kwao.

Mwaka huohuo wa 1961 ulianza mpango uliowaleta walimu kutoka Marekani na Uingereza kujaza nafasi katika shule za upili za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wao walipitia Makerere kwa mafunzo ya ualimu kabla ya kupelekwa shuleni. Kenya ilipopata uhuru, vijana wa Kimarekani wa kujitolea wa Peace Corps nao wakaanza kuja. Mosocho, karibu na mji wa Kisii, Mabruda wa Tilburg kutoka Uholanzi walifanya kazi katika shule inayojulikana kama Cardinal Otunga. Hivyo mwanafunzi wa shule ya upili ya Gusii wa miaka ya 1960 angeweza kufundishwa Kiingereza na Mmarekani, Mwingereza au Mholanzi, na huyo wa mwisho si mzawa wa lugha hiyo hata kidogo.

Mwaka wa 1962 jambo jingine lilianza London. John Haycraft, mwenye shule ya lugha ya International House, aliandaa kozi ya wiki mbili ya kuwafundisha vijana wa Kiingereza namna ya kusomesha lugha yao kwa wageni. Kozi hiyo fupi ndiyo chimbuko la cheti kinachojulikana sasa kama CELTA, ambacho kinatolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge. Siku hizi huchukua takriban wiki nne za masomo ya kutwa: saa zisizopungua 120 za mafunzo, na kati yake saa 6 za kufundisha darasa halisi mbele ya mkaguzi.

Chuo cha Kisii

Gusii ilipata chuo chake kikubwa cha walimu mwaka wa 1965, kwenye ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Kilianza kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Walimu wa wakati huo walipangwa kwa gredi zilizotegemea elimu waliyoingia nayo. P3 alikuwa mtu aliyemaliza shule ya msingi pekee kabla ya mafunzo. P2 alikuwa ameonja miaka michache ya shule ya upili. P1 alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne. Juu yao alikuwapo S1, aliyefundisha katika shule za upili. Mwaka wa 1967 Bunge lilianzisha Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), na tangu hapo cheti cha chuo kikawa na thamani kinapofuatana na usajili wa tume hiyo.

Mafunzo ya P1 yalichukua miaka miwili. Mwanafunzi alisomea saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha na masomo yote ya shule ya msingi, kisha akapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambako wakufunzi walimkagua akiwa darasani na ratiba ya somo mkononi. Katika Kiingereza kulikuwa na kazi ya ziada. Ekegusii, lugha ya Abagusii, haitofautishi sauti za /l/ na /r/, na ina irabu saba zisizolingana na zile za Kiingereza. Mwalimu wa Kisii aliyetaka wanafunzi wake watamke maneno mawili ya Kiingereza yanayoachana kwa sauti hizo mbili alilazimika kwanza kuyazoeza masikio na ulimi wake mwenyewe tofauti hiyo. Kwa hiyo alijua mahali mwanafunzi atakapojikwaa, kwa sababu naye alijikwaa hapohapo. Mzawa wa lugha hana ujuzi wa namna hiyo.

Mwaka wa 1983 chuo cha Kisii kilipandishwa hadhi kikaanza kutoa diploma kwa walimu wa shule za upili. Mwaka wa 1994 Chuo Kikuu cha Egerton kilikichukua kama bewa lake. Mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea kama Chuo Kikuu cha Kisii. Vyuo vingine vya walimu vya eneo hilo ni pamoja na Nyanchwa na Kenyenya katika Kaunti ya Kisii, na Borabu katika Kaunti ya Nyamira.

Wakati vyuo vikiongezeka, ajira ilibana. Mwaka wa 1998 serikali ilisitisha uajiri wa kila mhitimu, ikabaki kujaza tu nafasi za waliostaafu, kufariki au kuacha kazi. Cheti ambacho zamani kilikuwa tikiti ya mshahara kikawa cha kusubiri foleni. Wengi waliajiriwa na bodi za shule kwa malipo madogo. Hata uajiri ulipoongezeka baadaye, sehemu kubwa ulikuwa wa muda: walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi walioanza kazi mwaka wa 2023 walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na wale wa shule za msingi shilingi 15,000. Katika kaunti mbili zenye watu wengi na mashamba madogo, walimu walianza kutazama nje.

Milango ya karibu na ya mbali

Milango ya kwanza ilifunguka kwa majirani. Mkataba wa amani wa mwaka wa 2005 uliiweka Sudan Kusini katika njia ya kuachana na Kiarabu shuleni, na Wakenya wengi wakaenda kufundisha huko. Vita vilivyozuka Desemba 2013 viliwarudisha wengi nyumbani. Rwanda, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, iliamua Oktoba 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Walimu wake maelfu hawakukijua Kiingereza vya kutosha, na nchi ikageukia Kenya na Uganda kutafuta wa kuwasaidia. Sudan Kusini na Rwanda hazikumwuliza mwalimu kama Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake. Zilichohitaji ni mtu aliyefundishwa ualimu na aliyewahi kusomesha darasa la watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani.

Bara Asia lilikuwa na masharti mengine. Cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120, mara nyingi cha kusomea mtandaoni, kiliwavutia wahitimu wa Kenya kwa sababu kilitajwa katika matangazo mengi ya kazi. Lakini uraia ulitangulia cheti. Visa ya walimu wa lugha ya Korea Kusini hutolewa hasa kwa raia wa nchi saba kwa upande wa Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China, katika utaratibu wa vibali vya kazi ulioenea nchi nzima mwaka wa 2017, ilitaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama. Hapo kijana wa Manchester mwenye kozi fupi alikubalika kwa urahisi kuliko mwalimu wa Keroka mwenye shahada ya Kiingereza na fasihi na miaka kumi ya kufundisha. Thailand imekuwa na nafasi zaidi: asiye mzawa hutakiwa kuwa na shahada na kuonyesha alama za mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Uingereza yenyewe, Februari 2023, ilifungua mlango wa kuwatambua walimu kutoka nchi tisa zaidi, zikiwamo Ghana, Nigeria, Zimbabwe na India. Kenya haikuwamo.

Kuna njia moja ambayo kanuni ya mzawa wa lugha humfaa Mkenya. Mpango wa Fulbright huwapeleka walimu vijana wa Kenya, wengi wao wenye taaluma ya Kiingereza, katika vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja. Mwalimu kutoka Nyamira huhesabiwa huko kuwa mwenye lugha, ingawa alikua akisema Ekegusii na Kiswahili alikikuta shuleni na sokoni, karibu sawa na alivyokikuta Kiingereza. Nathan Ogechi, profesa wa Kiswahili aliyekuja kuwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kisii, aliandika tasnifu yake ya uzamivu Hamburg, Ujerumani, juu ya namna Wakenya wanavyochanganya Ekegusii, Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika mazungumzo. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha wazungumzaji wanaomudu lugha kadhaa kwa pamoja, hali isiyo na nafasi katika fomu ya visa yenye kisanduku kimoja cha lugha ya mama.

Makaratasi ya leo

Anayetaka kwenda sasa hukusanya vyeti vya masomo, hati ya usajili ya TSC, cheti cha maadili mema kutoka polisi na pasipoti, kisha huthibitisha nakala katika Wizara ya Mambo ya Nje na katika ubalozi wa nchi anayokwenda. Mawakala wa ajira hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Leseni hiyo ni ya kukaguliwa kabla ya kulipa chochote: tangu mwaka wa 2022 serikali imewaonya Wakenya kuhusu kazi za uongo za Thailand ambazo ziliwafikisha baadhi yao Myanmar, katika kambi za utapeli wa mtandaoni.

Cheti cha P1 nacho kimefika mwisho wake. Vyuo vya walimu wa shule za msingi sasa hutoa diploma. Hiyo inamwongezea mwalimu elimu, lakini haimtoshi mahali panapodai shahada, wala haimfai mahali panapodai uraia. Mgawanyo wa kazi za nje umebaki na sura yake ile: nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kujifunzia shuleni kama ilivyokuwa Gusii humpima mwalimu kwa mafunzo yake, na nyingi ya zile zenye mishahara mikubwa hufungua pasipoti kabla ya cheti.