Nyumba ya Kukhu Haikuwa Chafu

Pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa video nilinunua simiti. Nilikuwa nimeacha chuo, watu wa nyumbani wanasema nimepotea, nikataka kuwaonyesha. Nikaenda ushago Kakamega, nikatafuta fundi, tukapiga plasta nyumba ya udongo ya kukhu. Yeye alisema tu, "Mjukuu wangu, hiyo itakataa." Nikacheka.

Misimu miwili ya mvua baadaye, plasta ilianguka kipande kizima. Nyuma yake udongo umeloa kama uji.

Ndio nikaanza kusoma. (Eeh, hata sisi tulioacha chuo husoma.)

Wasee, ukuta wa udongo hupumua. Ukiloa unafura kidogo, ukikauka unasinyaa. Simiti ni ngumu, haisongi nao. Inapata nyufa, maji yanaingia, na hayana pa kutokea. Sasa cheki kinyesi cha ng'ombe: kimejaa nyuzi za nyasi ambazo tumbo la ng'ombe limeshasaga. Ukichanganya na udongo laini, nyuzi zinaushika usipasuke. Mvua haipenyi haraka, na unyevu wa ndani bado unapata njia. Kikichakaa, unasiliba tena. Kwa hela ngapi? Sufuri.

Basi nani alitufunza kuona aibu? Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Mwingereza ilitoza kodi kwa kila nyumba ya Mwafrika. Nyumba ambayo mama alisiliba kwa mikono yake ikawa deni, na wanaume wengi wakaenda kutafuta kibarua kwa mashamba ya walowezi ili walipe. Polepole mawe na mabati yakawa ndiyo "nyumba ya kudumu." Ya kukhu ikaitwa ya muda, na imedumu kuliko ndoa nyingi ninazojua.

Kwingine hawakutupa ujuzi wao. Huko Tiébélé, Burkina Faso, wanawake Wakassena huchora kuta za udongo kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, kisha huzipaka maji ya maganda ya néré yaliyochemshwa. Yakikauka yanang'aa na kulinda rangi na mvua. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza makao ya kifalme ya Tiébélé kwenye Urithi wa Dunia. Yaani udongo na mikono ya akina mama, orodha moja na piramidi za Misri.

Desemba nilirudi. Tukabandua simiti yote, nikamwomba kukhu anifunze. Hana vipimo; anafinya mchanganyiko kwa kiganja na kusema, "Bado." Nikatoa simu nirekodi. Akaniambia, "Weka hiyo chini. Hii kazi inataka mikono miwili."

Tumemaliza kuta tatu. Ya nne inangoja Aprili, na magoti ya kukhu yanauma. Wewe je, nyanya yako anajua nini ambacho bado hujamuuliza?