Wazazi Wafungao Mlango katika Hadithi za Watoto

Katika hadithi nyingi za watoto yumo mtu mmoja ambaye hatumtazami vya kutosha. Tunamtazama binti aliyefungwa mnarani, na mwana wa mfalme apandaye ukutani. Walakini yule aliyeufunga mlango na kuutia ufunguo kibindoni tunampita upesi. Aghalabu mtu huyo ni mzazi, au amesimama mahali pa mzazi, na historia yake ni ndefu kuliko filamu za katuni ambazo watoto wa Mugutha, Ruiru na Thika huzitazama leo sebuleni au katika simu za wazee wao.

Na tuanze na mnara. Mwaka 1634 huko Napoli, katika nchi ya Italia, zilianza kuchapishwa hadithi za Giambattista Basile, ambaye alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla. Mojawapo ni ya msichana Petrosinella, aliyetwaliwa na zimwi la kike kwa sababu mama yake, alipokuwa mjamzito, aliiba majani ya mboga katika bustani ya zimwi hilo. Zimwi lile halikutafuta udhuru; lilidai haki yake likafunga. Mwishoni mwa karne ile ile bibi mmoja Mfaransa, Charlotte-Rose de La Force, aliisimulia hadithi hiyo upya, akageuza jambo moja kubwa. Kwake yeye, aliyemfunga msichana ni mlezi mwenye nguvu za ajabu, naye amefunga ili kumwepusha mtoto na bahati mbaya aliyoiona mbele yake. Alimjengea mnara wa fedha, akampa mavazi na vyakula vizuri na kila kitu ila mlango. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipozaliwa yule mzazi tunayemjua sisi: asiyefunga kwa chuki, bali kwa mapenzi yaliyochanganyika na hofu.

Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa kitabu chao cha hadithi mwaka 1812. Katika chapa hiyo ya kwanza, malkia anayetaka kumwua Snow White ni mama yake mzazi. Katika chapa ya mwaka 1819 amekuwa mama wa kambo. Hapana shaka ilionekana vibaya mtoto asome kwamba aliyemzaa ndiye anayemwonea kijicho, kwa hiyo lawama ikahamishwa kwa mama asiye na mtetezi. Walt Disney alipotoa filamu yake mwaka 1937 alimfuata yule wa kambo. Sijui ni mama wa kambo wangapi wema waliodhulumiwa na kalamu hiyo.

Jambo la ajabu zaidi lilitendeka katika hadithi ya nguva mdogo. Hans Christian Andersen, Mdenmark, aliichapisha mwaka 1837. Humo mfalme wa bahari ni mjane mpole ambaye ni shida hata kumwona. Bibi yao ndiye awaleaye wasichana, na sheria ya nyumba ni kwamba kila binti atimizapo miaka 15 aruhusiwa kupanda juu ya maji aitazame dunia. Hakuna amzuiaye. Lakini itazameni filamu ya mwaka 1989. Mfalme sasa ana jina, Triton. Amewapiga marufuku binti zake wasiende juu. Na siku alipogundua pango ambamo binti yake ameficha vitu vya wanadamu, alivivunja vyote kwa hasira. Baba huyo hakutoka kwa Andersen. Walimtia watengenezaji wa filamu wa Marekani, katika zama ambazo ugomvi wa kijana na baba yake ulikuwa habari ya kila nyumba. Tena wakampa toba: mwishoni yeye mwenyewe ndiye anayempa binti yake miguu na kumwacha aende. Nguva wa Andersen hakupata neema hiyo. Aligeuka povu la bahari, kisha akainuliwa kuwa mmoja wa mabinti wa hewa.

Mnara wa Basile nao ulirudi mwaka 2010, katika filamu iitwayo Tangled. Mwanamke Gothel ameiba mtoto wa mfalme kwa ajili ya nywele zake ziletazo ujana, na kila siku anamtisha kwa maovu ya dunia, akiyaita hayo mapenzi. Filamu hii ni ya ustadi, lakini imerudia ujanja wa 1819: wazazi wa kweli wako mbali, hawana hatia, wanarusha taa angani.

Nchi hii iliyo kati ya Ruiru na Thika ilikuwa na hadithi zake zamani kabla ya kioo cha televisheni, zilizosimuliwa jioni kando ya moto katika nyumba ya mama. Moja ya hadithi za Wagikuyu, ya Wanjiru, iliandikwa na W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1910. Mvua imekosekana miaka mitatu. Mganga anasema itanyesha endapo Wanjiru atanunuliwa, na kila mtu alete mbuzi. Watu wanakusanyika uwanjani. Wanjiru anaanza kuzama ardhini, magotini, kiunoni, shingoni. Wazazi wanalia. Kila jamaa yake anapotaka kusogea amshike mkono, mtu anamkabidhi mbuzi, naye anarudi nyuma. Mvua inanyesha, Wanjiru hayupo.

Humu hamna mama wa kambo wala zimwi la kubebeshwa lawama. Jamaa za Wanjiru hawamchukii. Wana njaa, majirani wana njaa, na mbuzi wako mkononi. Hadithi inatusimamisha pale pale uwanjani na kutuonyesha kila mbuzi akipokewa. Kijana shujaa aliyempenda alimfuata chini ya ardhi, akamrudisha mgongoni. Jamaa walipomwona ngomani wakamkimbilia kwa furaha. Kijana akawafukuza, akisema walikwisha kumwuza. Walakini siku ya nne moyo wake ulilegea, akawalipa mahari. Waliaibishwa mbele ya watu, lakini ukoo haukukatwa.

Wanafunzi wengi husimama upande wa kijana bila kusita, na wengine huona kwamba mahari yale hayakustahili kulipwa. Nawaomba wakumbuke mageti ya chuma ya ploti za Mugutha. Mzazi atokaye kabla ya alfajiri kwenda kazini Nairobi humfungia mtoto ndani, na hofu yake si ya kubuni: magari ya barabara ya Thika yapo kweli. Mlango wake hatuwezi kuuhukumu kama mlango wa Gothel.

Katika hadithi ya Wanjiru yumo mzazi mwingine pia, ambaye wasimulizi wengi humpita. Ni mama wa yule shujaa. Wanjiru aliporudishwa hakuwa na nguo, naye alikuwa amedhoofika. Mama huyo alimficha nyumbani mwake watu wasijue, mbuzi wanono wakachinjwa, akalishwa mafuta, akashonewa mavazi ya ngozi. Mlango ulifungwa mpaka mwili ukarudi. Siku ya ngoma ukafunguliwa, naye Wanjiru akatoka.