Mikia Myekundu: Tarehe ya Marubani wa Tuskegee

Nasaba ya marubani weusi wa vita wa Marekani inaanzia ugenini. Eugene Bullard, mzaliwa wa Georgia, aliruka vitani mwaka 1917 chini ya bendera ya Ufaransa. Jeshi la nchi yake lilimkataa kwa rangi yake.

Ruhusa ya weusi kurusha ndege za jeshi la Marekani ilikuja shingo upande mwaka 1941, mafunzo yalipoanza Tuskegee, Alabama. Darasa la kwanza lilikuwa na watu 13. Machi 1942 wakafuzu watano. Kiongozi wao, Benjamin O. Davis Jr., alikwisha kupita tanuri kali zaidi. Kwa miaka minne pale chuo cha kijeshi cha West Point wenzake wazungu hawakusema naye ila kwa amri au kazi. Alilala peke yake chumbani, akala mezani pasipo mtu wa kumjibu, na mwaka 1936 akahitimu wa 35 kati ya 276.

Davis aliwaongoza vijana wake Afrika Kaskazini, kisha Italia, ambako mikia ya ndege zao ilipakwa rangi nyekundu. Kazi yao kubwa ikawa kusindikiza ndege za mabomu. Husemwa kwamba hawakupoteza hata moja. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha zilianguka 27 zikiwa chini ya ulinzi wao, pungufu sana ya wastani wa vikosi vingine. Ukweli huo ni heshima tosha. Hauhitaji kutiwa chumvi.

Ila ushujaa unaonigusa kuliko wote ulitokea nyumbani Marekani, katika kambi ya jeshi ya Freeman Field, Indiana, Aprili 1945. Kambi ilikuwa na klabu mbili za maofisa: moja ya wakufunzi, nyingine ya wanafunzi, na kila ofisa mweusi akahesabiwa mwanafunzi, hata aliyefuzu zamani. Maofisa weusi wakaingia klabu ya wakufunzi, iliyokuwa ya wazungu, kwa makundi madogo, wakakamatwa. Ndipo wakaletewa karatasi ya kanuni ya kutenganisha klabu hizo waitie saini. Mmoja mmoja, mbele ya mkuu wao, waliamriwa kusaini, nao walijua kwamba kukaidi amri wakati wa vita kunaweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Maofisa 101 wakakataa.

Mwaka 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi ukome jeshini. Lakini barua za karipio walizopewa waliokataa kusaini zilibaki majaladani mwao hadi 1995, zilipoanza kuondolewa. Roger Terry, aliyetozwa faini ya dola 150 kwa kumsukuma ofisa mlangoni mwa klabu ile, alifutiwa hatia mwaka huohuo.