Uhamishaji wa mionekano ya uso

Uhamishaji wa mionekano ya uso ni mbinu ya michoro ya kompyuta inayochukua tabasamu, hasira au mshangao uliotengenezwa kwa mhusika mmoja wa kidijitali na kuutia katika uso wa mhusika mwingine. Humwokoa msanii asichonge upya kila mwonekano.

Uso wa kidijitali ni wavu wa pembetatu zinazounganisha nukta nyingi. Mwonekano huhifadhiwa kama umbali na mwelekeo ambao kila nukta imesogea kutoka uso uliotulia. Nyuso mbili zikiwa na nukta zenye mpangilio uleule, misogeo hiyo huweza kujumlishwa moja kwa moja. Lakini zikitofautiana kwa ukubwa, kasoro hutokea: msogeo unaofumba jicho dogo huliacha jicho kubwa likiwa nusu wazi.

Mwaka 2001 Jun-yong Noh na Ulrich Neumann walieleza njia ya kurekebisha misogeo kulingana na umbo la uso unaopokea. Mwaka 2004 Robert Sumner na Jovan Popović wa chuo cha MIT, Marekani, walihamisha badiliko la kila pembetatu, yaani jinsi ilivyogeuka na kunyooka, badala ya umbali wa nukta. Mtumiaji huonyesha sehemu chache zinazolingana, kama vile ncha za midomo, na kompyuta hukokotoa zilizobaki. Kwa njia hiyohiyo walihamisha mwendo wa farasi kwa ngamia.

Hata hivyo, kope na midomo bado huhitaji kukaguliwa kwa macho ya msanii.