Nani Atawafundisha Madaktari? Somo la Historia kutoka Chuo cha Vellore

Utangulizi

Historia ya huduma ya uponyaji katika Kanisa huandikwa mara nyingi kama historia ya hospitali: nani aliijenga, ilifunguliwa mwaka gani, ina vitanda vingapi. Habari za wale waliowafundisha madaktari husimuliwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya Chuo cha Kikristo cha Udaktari cha Vellore, kusini mwa India, ambacho ni mali ya makanisa na hakiendeshwi kwa kutafuta faida. Hoja yetu ni kwamba chuo hicho kilipokaribia kufungwa, hatima yake iliamuliwa na swali la walimu, na kwamba gharama ya kuwapata walimu hao haikuwa ya fedha peke yake.

Mwanzo wa kazi

Ida Scudder alizaliwa India mwaka 1870 katika ukoo wa wamisionari kutoka Marekani. Babu yake, John Scudder, alianza kazi ya udaktari Ceylon (sasa Sri Lanka) mwaka 1819. Katika ujana wake Ida hakutaka kuirithi kazi hiyo. Alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja waume watatu, mmoja Mbrahmini, mwingine Mhindu wa tabaka la juu na wa tatu Mwislamu, walikuja mmoja baada ya mwingine kuwaombea msaada wake zao waliokuwa katika utungu. Baba yake Ida alikuwa daktari, lakini desturi ya kuwatawisha wanawake haikumruhusu mwanamume mgeni kuwahudumia. Wanawake wote watatu walikufa. Ida alikwenda Marekani, akahitimu udaktari Cornell mwaka 1899, akarejea India mwaka 1900. Hospitali yake ya wanawake ilifunguliwa Vellore mwaka 1902.

Lakini daktari mmoja angewafikia wanawake wangapi? Ida alianzisha shule ya wauguzi mwaka 1909, kisha Agosti 1918 shule ya udaktari kwa wanawake. Haikuwa ya kwanza ya namna hiyo, kwa kuwa Edith Brown alikuwa amekwisha kuanzisha nyingine huko Ludhiana mwaka 1894. Hata hivyo Kanali Bryson, mkuu wa tiba wa serikali ya Madras, alimwonya kwamba angekuwa na bahati kama angepata waombaji watatu. Walioomba walikuwa 151. Mtihani wa mwaka wa kwanza ulipofanyika, wasichana wa Vellore walifaulu kuliko wanafunzi wa shule za wanaume.

Walimu walikuwa wachache mno. Mganga mkuu wa hospitali ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, na ndiye pia aliyefundisha anatomia. Wanafunzi walifuatana na walimu wao katika kliniki za kando ya barabara vijijini, wakijifunza huku wakihudumu. Wahitimu walipata stashahada iliyowaruhusu kutibu, nayo haikuwa shahada ya chuo kikuu.

Amri ya serikali na swali la walimu

Mnamo mwaka 1938 serikali ya Madras iliamua kukomesha mafunzo ya stashahada. Kuanzia hapo daktari angepaswa kuwa na shahada ya chuo kikuu. Nia ya amri hiyo haikuwa mbaya. Serikali ilitaka wananchi watibiwe na madaktari walioandaliwa kikamilifu. Lakini kwa Vellore amri hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo, kwa kuwa chuo kilitakiwa kuwa na maabara na vitanda vingi zaidi na, kubwa kuliko yote, maprofesa wenye shahada za juu katika kila fani. Wamisionari waliokuwa wamefundisha kwa uaminifu kwa miaka 20 wengi wao hawakuwa na sifa hizo. Mwaka 1941 Ida Scudder, akiwa na umri wa miaka 70, alisafiri kwenda Marekani kutafuta fedha na walimu wakati dunia ikiwa vitani.

Hapo ndipo lilipozuka suala lililowagawanya marafiki. Ilionekana wazi kwamba bodi za misioni za wanawake peke yake zisingeweza kuubeba mzigo huo. Bodi nyingine zingechangia iwapo chuo kingekuwa cha makanisa yote na kuwapokea wanaume pia. Lucy Peabody, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harambee ya vyuo vya wanawake vya Asia katika miaka ya 1920, alipinga kwa nguvu. Kwa maoni yake, fedha za wanawake zilitolewa kwa ajili ya wanawake, na kuwaingiza wanaume kulikuwa ni kuivunja ahadi. Hoja yake haikuwa nyepesi, maana chuo kilizaliwa kutokana na vifo vya wanawake waliokosa daktari mwanamke. Ida alikubali badiliko. Mwaka 1942 masomo ya shahada yalianza, na mwaka 1947 wanaume wa kwanza walipokewa. Urafiki wa miaka mingi uliharibika.

Walimu waliokuja

Walimu waliofika baada ya hapo waliligeuza darasa kuwa sehemu ya utume. Robert Cochrane, bingwa wa ukoma, aliongoza chuo tangu mwaka 1944. Paul Brand alifika mwaka 1946 kufundisha upasuaji, na Cochrane ndiye aliyemwelekeza kwa wagonjwa wa ukoma ambao hospitali nyingi ziliwakataa. Brand alianza kuirekebisha mikono iliyopooza, na wanafunzi wakajifunza kumgusa mtu ambaye jamii ilikuwa imemtenga. Mwaka 1948 Hilda Lazarus alikuwa Mhindi wa kwanza kukiongoza chuo, mwaka mmoja tu baada ya India kupata uhuru. Mwaka uliofuata Jacob Chandy, naye Mhindi, alianzisha idara ya upasuaji wa ubongo.

Mary Verghese anastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Alisoma Vellore, na mwaka 1954 aliumia katika ajali ya gari, akapooza miguu. Aliendelea kufanya upasuaji wa mikono ya wenye ukoma akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, kisha akaongoza idara ya kuwarejesha walemavu katika maisha ya kawaida. Wanafunzi wake waliona mbele yao mambo ambayo hakuna kitabu kingeweza kuwafundisha.

Mvutano usiokwisha

Kwa muda mrefu makanisa yalidhamini wanafunzi, na wahitimu wakawajibika kuhudumu katika hospitali za misioni. Kwa hiyo nani achaguliwe, na nani amchague, ni sehemu ya malezi yenyewe. Mwaka 2017 chuo kilipotofautiana na serikali juu ya utaratibu mpya wa udahili, kilipokea mwanafunzi mmoja tu wa shahada ya kwanza ya udaktari mahali pa wanafunzi 100. Ilionekana tena kwamba viwango vya taifa na kusudi la Kanisa havina budi kujadiliana, wala mjadala huo hauishi.

Hitimisho

Sisi wa Tanzania tunayo sababu ya kuitafakari historia hii. Chuo cha udaktari cha KCMC, Moshi, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, kilianza mwaka 1997 kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, pamoja na Makumira. Vellore inatufundisha mambo mawili. Kwanza, Kanisa halina haki ya kutoa elimu hafifu kwa kisingizio cha nia njema, na amri ya mwaka 1938 iliwalazimisha wamisionari kulikubali hilo. Pili, kila mlango unaofunguliwa ili kuokoa kazi una mtu anayeumizwa, na ni wajibu wetu kumtaja katika historia.

Mchungaji anayeketi katika bodi ya hospitali au ya chuo huombwa mara nyingi aidhinishe majengo. Inampasa aulize pia ni nani watakaofundisha ndani yake, wamesoma wapi, watalipwa nini ili wadumu, na wanafunzi watawaona wakiwahudumia wagonjwa wa namna gani.