Camp Nelson
Camp Nelson ni kambi ya kijeshi ya kihistoria katika jimbo la Kentucky, Marekani. Jeshi la Muungano liliianzisha mwaka 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, iwe bohari ya silaha na chakula. Mwaka uliofuata ilianza kuandikisha askari Weusi. Zaidi ya 10,000 walipitia hapo, wengi wao watumwa walioupata uhuru kwa kuvaa sare.

Wake na watoto wao hawakuwa na kinga hiyo. Mwishoni mwa Novemba 1864, katika baridi kali, waliokimbilia kambini, wapatao 400, walifukuzwa na vibanda vyao kubomolewa. Watu 102 walikufa. Askari Joseph Miller alieleza kwa kiapo jinsi mwanawe mgonjwa alivyofariki mara baada ya kushushwa kwenye gari la farasi, na jinsi alivyomchimbia kaburi yeye mwenyewe. Ushahidi huo una uzito kuliko ngome zote za kambi. Kashfa hiyo ilichangia kupatikana kwa sheria ya Machi 1865 iliyozikomboa familia za askari.

Askari wengi wamezikwa katika makaburi ya taifa yaliyo jirani. Kambi yenyewe ilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwezi Oktoba 2018.